Mapipa Matatu na Mawese ya Kukopa

Walisema sitaweza. Pale Ujiji walisema mtu aliyesomea umeme atengeneze redio, sabuni awaachie akina mama. Mama mmoja mkamuaji wa mawese, wa mtaa wa Buzebazeba, alinikopesha madebe mawili huku akinicheka: "Mashine ikikataa, mwanangu, utanirudishia mawese au waya?"

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu, bila mtaji wa hata debe moja. Akina mama watano, yeye akiwa mmoja wao, walinipa madebe mawili mawili, akiba yao ya kuuza bei ikipanda. Yakiharibika, wao wangepoteza akiba, na mimi nisingekopeshwa tena mji huu.

Mashine niliiunda mwenyewe, na hadi leo sijaona nyingine kama hiyo Kigoma. Mapipa matatu juu ya jukwaa: mawese, maji ya kostiki kali inayochubua ngozi, na silikati ya kuifanya sabuni iwe ngumu. Kila pipa lina pampu yake. Bodi ndogo ya umeme huwasha kila pampu kwa sekunde nilizopanga, vyote vikaingia kwenye tangi moja lenye pangaboi la kukoroga. Niliijaribu kwa maji siku nne. Haikukosea hata kikombe.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kiangazi, upepo wa ziwani ukiuma. Wakopeshaji wangu wote watano walikaa juu ya madumu matupu wakitazama. Nikabonyeza swichi. Pampu ya kostiki ikanguruma vizuri. Ya mawese ikakoroma kama mtu mwenye mafua. Nikachungulia pipani: mawese yalikuwa yameanza kuganda kwa baridi. Pampu ilimaliza sekunde zake, lakini mafuta mengi yalibaki palepale, na kostiki ilikwishaingia yote.

Nikazima.

"Mbona umezima?" aliuliza yule wa Buzebazeba.

"Mawese yameingia kidogo. Yakibaki hivi, sabuni itababua watu."

"Hukuyapasha moto?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata mtoto wangu hapimi mawese yaliyoganda," alisema. "Diploma hiyo ilisomewa wapi, jikoni hamkufika?"

Wenzake wakacheka, lakini yeye alikwishainuka kutafuta kuni. Uji wa sabuni tangini ulikuwa unaanza kuwa mzito. Nilitumbukiza fimbo yenye alama ndani ya pipa la mawese, nikapiga hesabu: yalipungua madebe mawili na nusu. Wao walichochea moto wakiyeyusha mawese, mimi nikapima na kumimina, pangaboi likizunguka. Moto ulikuwa wao. Hesabu ilikuwa yangu, na nawaambia wazi, bila hesabu ile tungemwaga kila kitu.

Baada ya wiki nne, sabuni ilipokauka, yule mama wa Buzebazeba alikata kipande, akakigusisha ulimi, akanawa nacho mikono. Hakikumchoma.

Tangi nikaliweka juu ya mzani. Sasa pampu inazimwa na uzito, si sekunde, na mawese hupashwa moto kwanza.

Msimu uliofuata, kwa pesa za sabuni, nilirudisha madebe yote kumi, nyumba kwa nyumba, kwa mkokoteni. Nyumba ya mwisho ilikuwa Buzebazeba. Yule mama alichovya kidole, akanusa, akitafuta kama nimeongeza maji.

"Haya," alisema. "Ukitaka mengine ya kukopa, njoo."

"Ya kukopa sitaki tena, mama. Niuzie."

Akanitajia bei ya juu kuliko ya sokoni. Nikalipa.