Kioo Kinachotazama Mlango

Saa mbili asubuhi, vidole tayari viko kazini. Mteja wa kwanza ameketi, shingo ameiinamisha, na msusi amesimama nyuma yake akigawa nywele kwa kitana chenye mkia. Anasuka, anacheka, anauliza habari za watoto. Ila kila baada ya mistari miwili mitatu, anainua macho kwenye kioo, anautazama mlango, kisha anarudi kwenye kazi yake.

Wateja humwita Mama Vidole. Anajisifu kwamba kichwa anakimaliza kabla chai ya mteja haijapoa.

"Chai ya nani hiyo inayokaa siku nzima bila kupoa?" mteja anamtania, na saluni nzima, yaani wanawake watatu na mtoto mchanga, inaangua kicheko.

Kioo chenyewe kimekaa vibaya. Kimetundikwa kwenye ukuta wa giza, mbali na dirisha, na anayesukwa huona nusu ya uso wake na barabara yote. Mgeni anaweza kumlaumu fundi. Lakini ni Mama Vidole mwenyewe aliyekihamishia huko mwaka jana, ili hata akiupa mlango mgongo, amwone anayeingia.

Aliyekuwa akimhofia ni mumewe wa zamani. Kwa miaka minane ya ndoa alipigwa, na akaficha.

"Kila alama nilisema nimeanguka," anasimulia. "Hata mtoto anayejifunza kutembea haanguki hivyo."

Mara mbili alikimbilia polisi, na mara mbili akaambiwa hayo ni ya mume na mke, wakayamalize nyumbani. Talaka ilipotoka, alihamia kwa mama yake. Mwanamume akamfuata huko huko na kuvunja mlango. Ndipo alipokwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, ya kumkataza asimkaribie. Mama yake alimsindikiza, lakini hakuwa na imani.

"Mwanangu, tangu lini karatasi ikazuia ngumi?" alimuuliza.

Amri ilitoka, na ilikuwa na tundu. Karani wa mahakama alipomuuliza huyo bwana anamsumbulia wapi, Mama Vidole alijibu: nyumbani. Saluni hakuitaja.

"Hapa ndipo nilipokuwa napumua," anasema. "Sikutaka hata kumtaja yeye na hapa kwa pumzi moja."

Mwanamume aliisoma amri vizuri kuliko aliyeiomba. Kwa mama mkwe hakukanyaga tena. Badala yake alihamia kwenye benchi la kinyozi, ng'ambo ya barabara, uso umeelekea saluni. Polisi walipoitwa walitazama karatasi, wakasema hajamgusa mtu, na mahali hapo hapajaandikwa.

"Mimi nilidhani nimepata mteja," kinyozi anakumbuka. "Alinyolewa mara tatu wiki moja, mpaka nikawa nanyoa hewa. Halafu siku moja akaniambia, 'Huyo utaona, atafunga mwenyewe.' Nikaelewa."

Na kweli alikaribia kufunga. Nusu ya wateja walikimbia, maana nani atakubali kusukwa huku anakodolewa macho? Saluni ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, mama yake na binti yake wa shule. Na ndicho kitu pekee ambacho mtu yule hakuwahi kumnyang'anya.

"Nilirudi mahakamani kwa hasira, si kwa ushujaa," anakiri.

Hakimu aliongeza kwenye amri saluni na barabara iliyo mbele yake. Safari hii Mama Vidole alifanya jambo ambalo hakuagizwa na mtu. Alitoa nakala, akampa kinyozi na majirani wa pande zote mbili, na kuwaeleza yote. Aibu ilimshika, lakini alijiambia mficha uchi hazai.

"Tena kidole kimoja hakivunji chawa," anaongeza, "na chawa mimi nawajua."

Siku mwanamume aliporudi, benchi lilikuwa limeingizwa ndani. Alisimama kidogo, akavuka barabara. Mama Vidole alimwona kwenye kioo, akauacha mstari katikati. Kinyozi alikuwa ameshapiga simu, naye amejisogeza hadi mlangoni pa saluni, mashine ya kunyolea ingali mkononi. Askari wa kike alifika, akasoma karatasi, akamchukua mtu wake. Safari hii hakuna aliyeambiwa akayamalize nyumbani. Hakimu alimfunga, na tangu atoke hajaonekana mtaa ule.

Askari huyo hapambi maneno. "Wako wanaoivunja amri siku hiyo hiyo inapotoka, siwezi kuwadanganya akina mama," anasema. "Bila mtu wa kupiga simu, ni maandishi tu. Lakini nikiwa nayo mkononi, siulizi nani alianza."

Mama mzazi naye amelegeza msimamo. "Karatasi haizuii ngumi," bado anasema. "Ila inaita watu."

Muda wa amri unaisha mwezi ujao, na Mama Vidole ameshaomba iongezwe. Hofu, anasema, haijaisha. Imepungua, na anaishukuru kwa kupungua. Wateja wamerudi. Anataka kununua kiti cha pili, amfundishe kazi mwanamke mwenzake aliyekutana naye kwenye foleni ya mahakama. Na kioo? Kinyozi ameshatoboa ukuta karibu na dirisha, kinasubiri tu kuhamishwa.

Mstari wa mwisho umekwisha. Mteja ananyoosha shingo na kulalamika.

"Wewe Mama Vidole, nimekuja kusukwa au kulinda barabara? Mbona sijioni?"

Msusi anacheka. Anakitungua kioo, anakibeba hadi dirishani kwenye mwanga, na kukiegemeza kifuani pake, kimtazame mteja.

"Haya, jione ulivyopendeza," anasema.

Mteja anageuza kichwa huku na huku, hana haraka. Mlango uko nyuma ya Mama Vidole, wazi, na yeye hageuki.