Matundu Saba: Safari ya Fedha Kutafuta Meza ya Kushonea

Nilifunga safari ya kwenda Fedha, mtaa wa mashariki mwa Nairobi, kwa sababu mwenye kibaraza alikuwa amenitaka nihame. Kibaraza hicho kiko pembeni mwa soko la Jericho, nami nilikuwa nimekaa hapo miaka tisa nikishona mashati ya shule. Hakunitukana wala hakunifukuza kwa ukali. Alikuja Jumatatu moja na mtu wa kupima kuta, akasema kwa upole kwamba mwisho wa mwezi mahali hapo patakuwa duka la chipsi. Nilimjibu vizuri. Alipoondoka nililia kidogo nyuma ya cherehani, nikajifuta kwa kipande cha kola, nikaendelea na kazi.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda ofisi ya chifu kupigiwa muhuri barua ya mwanangu, nikaona tangazo ukutani. Kituo cha serikali cha kulea biashara changa, wenyewe wanakiita incubator, kule Fedha, kilikuwa kinatafuta fundi wa nguo kwa nafasi moja iliyobaki. Ambaye angekubaliwa angepewa meza, cherehani ya umeme na mafunzo ya mwaka mzima bila kulipa kodi, kisha afundishwe jinsi ya kuomba zabuni za serikali. Nilipowasimulia majirani wa nyumbani walicheka. "Hiyo si ni ile mashine ya kuangua vifaranga?" jirani mmoja akasema. "Mama Wekesa, unaenda kukalia mayai ya serikali!" Niliwaacha wacheke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa tayari kulala kifudifudi.

Mtu mmoja tu sikumwambia: Mama Rukia, jirani yangu wa kibarazani. Cherehani yake na yangu zinapakana. Msomaji asiyejua kwetu aelewe kwanza jambo hili. Kibarazani petu hakuna fundi anayeshona shati zima. Mimi nakata kitambaa na kuunganisha. Shati likishapata umbo, namsukumia Mama Rukia, yeye anatoboa matundu ya vifungo na kuvishona vifungo vyenyewe. Mafundi wote wa upande ule humpelekea yeye, na hakuna anayeona ajabu. Naye pia alikuwa ametakiwa kuhama. Nilijiambia kwamba nikipata meza nitamwita baadaye, lakini ukweli ni kwamba nafasi ilikuwa moja na niliogopa angeitaka.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, niliondoka. Majaribio yalikuwa kila siku ya kazi, nami nilichagua Ijumaa makusudi, kwa kuwa siku hiyo Mama Rukia hafungui kazi. Hukaa kwake Kiamaiko. Nilibeba mkasi, futi, chaki na chupa ya chai. Niliamua kwenda kwa miguu, maana asubuhi magari ya Jogoo Road hutembea polepole kuliko mama mwenye hasira.

Nilishika Rabai Road hadi Jogoo Road, nikageukia upande wa Donholm. Watu wa Viwandani walikuwa wanakuja mbele yangu kwa makundi, kimya, kila mtu na kifuko chake cha chakula. Wenye mandazi walikuwa tayari barabarani na karai zao. Mmoja aliniita, "Customer, kuja unipromote!" nami nikamwambia nitampitia nikirudi, jambo ambalo sikulitimiza. Nilipofika Donholm, viatu vilikuwa vimeanza kuniuma. Nilikaa kando ya njia, nikanywa chai, nikavibadilisha na malapa niliyokuwa nayo mkobani. Kisha nikaifuata Outering Road hadi Fedha.

Saa mbili na robo nilikuwa langoni. Nilivaa viatu tena kabla askari hajaniona. Kituo chenyewe ni jengo jipya lenye madirisha makubwa, na ndani kuna safu za cherehani ambazo sikuwahi kuziona isipokuwa kwenye simu. Nilizipenda papo hapo. Nilizipenda hadi nikaona aibu, kama mtu aliyekodolea macho sahani ya mwenziwe.

Aliyetupokea alikuwa msichana mwenye miwani, umri wa binti yangu, lakini sote tulimwita madam. Tulikuwa mafundi kumi, kila mmoja amekuja peke yake na anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Madam alitugawia kitambaa cha samawati chenye mstari mwembamba mweupe.

"Kila mtu atashona shati moja, kuanzia kukata mpaka kifungo cha mwisho," akasema. "Kwa mkono wako mwenyewe. Saa kumi na moja jioni tunafunga. Mkimaliza, mtatia sahihi kwamba mmeshona peke yenu."

Nikacheka moyoni. Shati! Mimi naweza kukata shati huku nikigombana na mtu. Saa tatu nilishika mkasi, na kabla ya saa saba shati langu lilikuwa limesimama, kola imekaa sawasawa, mabega hayana hata mkunjo. Madam alipita, akalishika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama, wewe ni fundi. Mashine ya matundu iko pale kwenye kona."

Hapo ndipo moyo uliponishuka. Miaka tisa, sijawahi kutoboa tundu hata moja. Sikuwa nimelisahau jambo hilo. Sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwangu mimi shati huisha pale ninapolisukuma kushoto, kwa Mama Rukia.

Nilikwenda kwenye ile mashine nikaweka kipande cha kitambaa kilichobaki. Nilikanyaga. Ikapiga mara moja kwa kishindo na kukitafuna kipande chote. Nikajaribu kingine, kikatoka na nyuzi kama ndevu za mbuzi. Nikajaribu kwa mkono, nikajichoma kidole. Niliketi nikitazama shati langu zuri lisiloweza kufungwa, nikaona kibaraza changu kinauza chipsi.

Saa saba na nusu madam alituruhusu kwenda kula na kusali, akasema mashati yabaki mezani. Langu halikubaki. Nililikunja, nikalitia mkobani pamoja na vifungo saba, nikampita askari nikimwuliza habari za watoto wake.

Nje nilimkuta mtu wa bodaboda.

"Niaje mathe, unaenda wapi?"

"Kiamaiko. Na nataka nifike nikiwa mzima."

"Panda, mathe. Hapo ni dakika tu. Shika kitu, lakini usinishike shingo."

Tulirudi kwa Outering Road, tukapita Donholm, Mutindwa, hadi Kariobangi, nami njia nzima nikitunga uongo. Nitasema ni shati la mteja mwenye haraka. La, nitasema ni la mwanangu. Saa nane nilishuka Kiamaiko, nikapita katikati ya wauza mbuzi waliokuwa wanarudi kutoka msikitini kwa kanzu safi, nikaulizia nyumba ya Mama Rukia.

Alikuwa ameketi mlangoni anachambua mchele. Alishangaa kuniona, kwa maana kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufika kwake. Hilo nalo lilinichoma.

"Karibu, Mama Wekesa. Kuna mtu amefiwa?"

"Hakuna. Nina shati la haraka. Nitobolee matundu, tafadhali, mteja anangoja."

Alinawa mikono, akalipokea shati, akalitandaza pajani. Akakitazama kitambaa. Akalipindua, akalitazama tena kwa ndani. Kisha akatunga uzi, akaanza kwa mkono, polepole, kila mshono umelala kando ya mwenziwe. Alimaliza tundu la kwanza, la pili, la tatu. Nilikuwa naiangalia saa ya ukutani kwa wasiwasi.

"Huyo mteja," akasema bila kuinua kichwa, "amesema matundu yametobolewa na nani?"

"Hajauliza."

"Akiuliza?"

Niliinama nikaokota kipande cha uzi. Yeye akaliweka shati kando, akaingia ndani. Nilisikia kabati ikifunguliwa. Alirudi na shati lingine, akalitandaza juu ya langu. Kitambaa cha samawati, mstari mweupe. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenziwe, na kola ilikuwa imekwenda upande. Lakini mbele kulikuwa na matundu saba mazuri ambayo ningeyatambua hata gizani.

"Nilienda Fedha mwezi wa Ramadhani," Mama Rukia akasema. "Matundu walisifu. Halafu yule msichana wa miwani akamvalisha shati lenyewe yule mwanasesere wa kuonyeshea nguo, wenzangu wakacheka. Sikukuambia. Nilijua utauliza mbona sikukuita."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo mlangoni. Nilimwambia yote: kwamba nilichagua Ijumaa ili asijue, kwamba nilikuwa naenda kutia sahihi kazi yake kwa jina langu. Niliona aibu sana. Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Hakunigombeza. Alimalizia matundu manne yaliyobaki, akashona vifungo, akanikabidhi shati. "Chukua, nenda, muda unaisha. Wewe tia sahihi. Heri mmoja wetu apate."

"Vaa buibui yako twende," nikamwambia.

"Nirudi kule kufanya nini? Wamenicheka."

"Safari hii watanicheka mimi. Mama Rukia, nimetembea kutoka Jericho na malapa. Sirudi huko bila wewe."

"Na wakikunyima meza kwa sababu yangu?"

"Wakininyima, watuone wawili wakitunyima. Vaa."

Alijipangusa pumba za mchele. Kisha akaita ndani kwamba mchele umaliziwe, akavaa.

Saa kumi na nusu tuliingia kituoni. Tulikuja kwa bodaboda mbili zikifukuzana, na Mama Rukia alikuwa bado anasoma dua alipokuwa anateremka. Mafundi wengine walishapanga mashati yao. Madam aliniona, akaona mkoba, akaona mgeni, akavua miwani.

"Mama, hilo shati lilitoka?"

"Lilitoka, madam. Nilitoka nalo mimi, kwa wizi." Niliweka mashati yote mawili mezani, langu na lile la mkono mrefu. "Hili nimekata na kuunganisha mimi. Matundu ni ya huyu. Na hili jingine ni lake, mnalijua. Kwetu Jericho tunashona hivi: mimi nikiishia hapa, yeye anaanzia hapa. Mkitaka mtu mmoja wa kufanya yote, mimi siye. Karatasi yenu siwezi kuitia sahihi, kwa sababu inasema peke yangu."

Madam alichukua shati langu, akafunga kifungo, akafungua, akafunga kingine.

"Ungetia tu sahihi, mama, meza ingekuwa yako. Hili ndilo zuri kuliko yote."

"Najua."

Alifungua droo, akapekua, akatoa karatasi kutoka chini kabisa. "Kuna fomu ya kikundi. Wawili kwenda juu."

Mama Rukia alimgeukia. "Mbona mwezi wa Ramadhani hukunionyesha?"

"Ulikuja peke yako, mama," madam akasema, na safari hii yeye ndiye aliyeona haya. "Kila mtu huja peke yake. Nilipaswa kuuliza." Kisha akakaza uso. "Lakini shati hili silihesabu, lilitoka mlangoni. Jumatatu saa tatu mtashona lingine, hapa hapa, mkiwa pamoja. Likiwa baya, nafasi inakwenda kwa mwingine."

Tulijaza fomu hapo hapo, jina langu kisha lake. Saa kumi na moja askari alitutoa nje na kufunga mlango.

Nisiwaweke roho juu: Jumatatu tulishona, na meza tukaipata. Kibaraza kilipogeuka duka la chipsi, cherehani zetu zilikuwa zimeshaondoka. Siku hizi yeye ananifundisha mashine ya matundu nami namfundisha mkasi, na sote tu wanafunzi wabishi. Kwa hiyo ninyi mnaoshona vibarazani, huko kwetu na kwingineko, nendeni. Msaada wa serikali upo, ingawa una karatasi nyingi na fomu nyingine zimelala chini ya droo, na inabidi uziulize kwa majina. Lakini kabla hujaondoka, mwambie yule anayemalizia kazi yako. Mimi nilijiona fundi kamili miaka tisa, na nusu ya ufundi wangu ilikuwa imeketi kushoto kwangu.

Ninachokikumbuka zaidi, hata hivyo, ni ile Ijumaa jioni. Tulitembea hadi Donholm, mimi nikiwa nimerudia malapa. Pale njia zetu zilipoachana, yeye akielekea Kiamaiko na mimi Jericho, nilianza kumwomba msamaha upya. Alinikatiza.

"Jumatatu nitakupitia kwako saa kumi na mbili," akasema. Alipiga hatua chache, akageuka, akaninyoshea kidole mbele ya watu wote. "Na Mama Wekesa, usitangulie."