Bomba Nililolipaka Grisi

Kabla hajaja yule Mluguru wa Bigwa, karakana ya garimoshi ya Morogoro ilikuwa na fundi mmoja tu wa mabomba, na fundi huyo nilikuwa mimi. Mimi mtu wa Bagamoyo. Kazi nilifundishwa Dar es Salaam na fundi wa Kihindi, mzee mkali asiyesifu mtu, kisha Wajerumani walipoifikisha reli chini ya milima ya Uluguru wakanileta huku. Nilipewa kofia yenye kifungo cha shaba. Nikipita mtaani watu walisema, "Yule ndiye anayeitibu injini," nami nilipunguza mwendo ili wamalize kusema.

Heshima yangu yote ilitokana na breki. Garimoshi letu lilisimama kwa nguvu za upepo. Pampu iliyokuwa kwenye injini iliusukuma upepo ndani ya mabomba ya shaba yaliyopita chini ya tumbo la injini, na upepo huo ndio ulioyabana magurudumu. Bomba likivuja, dereva alivuta breki na garimoshi likaendelea na safari yake kama halikumsikia. Sasa ile injini kuukuu kuliko zote ilikuwa inavuja kila mahali. Msimamizi wetu, Mjerumani mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi, akaamuru mabomba yake yote yabadilishwe. Aliona kazi ni kubwa kwa mtu mmoja. Ndipo akamleta yule Mluguru, mhunzi wa Bigwa.

Alikuja miguu mitupu, nguo zake zinanuka makaa. Aliniamkia vizuri, akaniita kaka ingawa tulilingana umri. Maisha yake yote alikuwa amefua majembe na visu kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na spana hakuwahi kuishika. Nikajisemea, huyu atanibebea vyombo.

Tukagawana kazi. Mimi nilikata shaba na kuipinda, yeye alilala chini ya injini akayafunga mabomba. Siku ya tatu pampu ilipowashwa, mimi nilianza kutafuta mvujo kwa maji ya sabuni, kiungo baada ya kiungo, kama nilivyofundishwa. Yeye akafumba macho, akalisogeza shavu lake karibu na bomba, akaenda nalo polepole mpaka mwisho. Akasema, "Hapa. Na pale nyuma ya gurudumu." Nikapaka sabuni pale. Povu likatoka.

"Umejuaje?" msimamizi akamwuliza.

"Bwana, mivukuto ikitoboka chuma hakiivi. Upepo naujua tangu utotoni."

Yule Mjerumani akacheka, akampiga bega. Miaka yote niliyomtumikia, bega langu hakuwahi kuligusa.

Tangu hapo nilikuwa kama mtu aliyemeza kaa la moto. Kila asubuhi msimamizi alipoingia alimwuliza yeye kwanza, "Injini inasemaje leo?" Wachochea moto wakaanza kumwita fundi. Niliporudi nyumbani, mke wangu akanionyesha sufuria yetu iliyokuwa imekatika mkono. Mhunzi alikuwa amepita njiani kwenda kwao Bigwa, akaona, akaitengeneza.

"Yule bwana ana mikono ya baraka," mke wangu akasema.

"Sufuria si injini," nikamjibu. Usiku huo wali wake sikuusifu, wala sikumaliza.

Siku moja nilikuwa napinda bomba la mwisho, lile refu linalozunguka nyuma ya tangi la maji. Hasira ilikuwa mikononi, nikalivuta kwa nguvu. Nilipoligeuza kwenye mwanga, nikaona mahali lilipopindwa ufa mwembamba kama unywele. Shaba iliyobaki haikutosha bomba jingine refu vile. Kungoja nyingine kutoka Dar es Salaam kungemaanisha kumwambia msimamizi kwamba nimeharibu, naye mhunzi amesimama pembeni anasikia. Hilo sikuliweza. Nikachota grisi kwa kidole, nikaupaka ule ufa, nikampa bomba.

Akalifunga. Pampu ikawashwa. Lakini siku hiyo injini nyingine ilikuwa inatoa mvuke jirani yetu, kelele tupu, na upepo wa mlimani ulikuwa unavuma chini ya magurudumu. Mhunzi akajaribu shavu lake mara mbili, akatikisa kichwa.

"Kaka, leo sisikii kitu, na huu upepo wa mlima unanichanganya. Hebu nipimie wewe."

Nikalala chini, nikasogeza shavu. Upepo ulinigusa, mwembamba, wa baridi, mahali pale pale nilipopajua. Chupa ya sabuni ilikuwa kiunoni kwangu.

"Safi," nikasema. "Hakuna kitu."

"Ahsante, kaka."

Injini ikatolewa kujaribiwa. Mara mbili za kwanza ilisimama vizuri. Mara ya tatu, kwenye mteremko mdogo nyuma ya stesheni, grisi ikaruka na ufa ukafunguka. Dereva alivuta breki, injini isitii. Ilivunja gogo la kizuizi, magurudumu ya mbele yakazama mchangani. Dereva alichubuka mkono. Wengine walisalimika, Mungu alitusitiri.

Msimamizi akaja mbio. "Nani alifunga bomba hili?"

"Mimi, bwana," mhunzi akasema.

Alinitazama mara moja tu. Nilingoja aseme, "Lakini huyu ndiye aliyepima." Hakusema. Akalazwa mbele yetu akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, askari anahesabu kwa sauti. Nami nilisimama pale na kofia yangu ya kifungo cha shaba. Alipoinuka alikwenda zake bila kuaga.

Nilipata nilichokitaka, karakana ikawa yangu peke yangu. Siku ya nne nikapanda Bigwa. Nilimkuta amesimama kwenye tanuri lake, kukaa hawezi. Watu sita walikuwa wakingoja majembe, na hata pale, Mungu anisamehe, niliwaona wale watu nikamwonea wivu.

Nikamweleza yote: ufa, grisi, shavu. Alisikiliza bila kuacha kugeuza chuma motoni.

"Injini ilipozama mchangani ndipo nilipojua," akasema. "Ulipoinuka kule chini hukunitazama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, angeona namsingizia mkubwa wangu. Lazima useme wewe. Nenda kamwambie."

"Atanipiga."

"Ndiyo. Atakupiga."

Nilishuka mjini nikamwambia msimamizi. Nikapigwa kama alivyopigwa yeye, nikavuliwa kofia, nikapelekwa kwenye kikosi cha kupanga mawe chini ya reli, upande wa kuelekea Mkata. Askari akatumwa Bigwa kumrudisha mhunzi karakanani. Hakuulizwa kama anataka.

Nilibeba mawe misimu miwili. Mke wangu hakunilaumu. Alinisugua mgongo kwa mafuta ya nazi. Ile injini kuukuu ilikuwa inapita mbele yetu na kusimama kwa ulaini ambao mikononi mwangu haikuwahi kuwa nao. Wenzangu walishangilia. Mimi niliinama nikachagua jiwe jingine.

Ndipo siku moja mhunzi akashuka kutoka behewa la mwisho, ameshika kipande cha shaba kilichopasuka mahali kilipopindwa. Akachuchumaa karibu yangu.

"Naichoma, naiacha ipoe polepole kama chuma, naipinda mara moja mpaka mwisho, lakini bado inapasuka," akasema. "Hii ya nne. Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Nilikuwa najua jibu, na nilijua kwamba hapakuwa na mwingine Morogoro anayelijua. Kaa la moto lilikuwa bado lipo kifuani, halijapoa hata kidogo.

"Shaba si chuma," nikamwambia mwishowe. "Ichome mpaka iwe nyekundu, halafu itie majini pale pale. Italainika, itakutii. Ukiipinda nusu ikaanza kuwa ngumu, rudia tena."

"Majini? Chuma kingekuwa kigumu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akarudia maneno yangu kwa sauti ya chini ili asiyasahau, akanishika mkono, akakimbilia behewa lake. Msimamizi wa kikosi akapiga kelele, nikarudi kwenye mawe.