Bestman Amebaki Malaba

Leo tumeacha bro yangu mkubwa, Wafula, mpakani na hakuna mtu amelia.

Wiki nzima Wafula alikuwa anatusumbua kwa grupu ya familia: "Tunaenda harusi Mbale na gari. Asiye na kitambulisho atashuka Malaba, hata kama ni Mama."

Mama mwenyewe alikuwa amefunga chake kwa leso tangu tutoke Kawangware.

Tumefika Malaba. Wafula ndiye bestman, ashavaa suti (ati si mtumba wa soko la Toi). Akatoa kitambulisho kwa madaha.

Afisa akakiangalia. Akamwangalia.

"Beatrice ni wewe?"

Wasee, nilikaa chini kwa kucheka.

Kumbe Ijumaa aliacha chake kwa soja wa geti ya ofisi fulani town. Akitoka, soja akampa cha mtu mwingine, naye akatia mfukoni bila kuangalia.

Wafula akamgeukia Mama. "Mama, ongea nao."

"Si ulisema hata kama ni Mama? Basi hata kama ni wewe. Vua hiyo suti, mpe ndugu yako."

Suti imenitosha vizuri sana. Kuna mwenye anaona tumekosea?

Na Beatrice, kama unasoma hii, kitambulisho chako kiko Malaba. Tafuta jamaa amevaa kaptula yangu ya mpira.