Biro Nne Ndani ya Masini Moja

Nina chumba kimoja karibu na soko, hapa Kalemie, ambamo ninaandikia watu. Nje kuna kibao cha rangi: sekretaria, fotokopi, barua za aina zote. Ndani kuna kompyuta moja, imprimanti moja ya kuchapia na benchi ya mbao. Wanafunzi huniletea kazi zao za kumaliza masomo zikiwa zimeandikwa kwa mkono, makanisa huniletea programu za ibada, na wenye shida huniletea barua. Mwenye barua namkalisha ubavuni mwangu, atazame kioo pamoja nami, kwa sababu majina ya watu yana herufi zake na ni aibu kuyakosea.

Miaka miwili iliyopita alikuja mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Nilimfahamu kwa kumwona tu. Mume wake, mvuvi wa ukoo wa Moba, alikuwa amefariki, akamwachia watoto watatu. Alikaza kitenge chake, akaketi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, nataka barua ya heshima. Ya kumupelekea shemeji yangu mukubwa, kule Moba."

Mwanaume mmoja wa kanisani kwao, naye aliyefiwa na mke, alikuwa amemwomba waoane. Lakini ndugu za marehemu walikuwa wanangoja aolewe na mdogo wa mume wake, kama ilivyo desturi ya ukoo ule. Alitaka kuwaambia hapana, ila alitaka wasikie kutoka kwake mwenyewe, kwa maneno yaliyopimwa. Tulikaa saa mbili. Neno moja tulilibadilisha mara tatu. "Nakataa" likawa "siwezi", likawa "naomba munisamehe", halafu likarudi kuwa "siwezi". Mwishoni alitabasamu. Nilimchapia karatasi, akaitia kwenye bahasha ili aipeleke bandarini, boti ilikuwa inaondoka kesho yake.

"Usiifute kwenye masini," aliniambia mlangoni. "Siku moja bakinikana, nitaihitaji."

Sikuifuta. Kosa langu ni kwamba hata sikuifunga. Aliyemfuata alikuwa mama wa kwaya, na programu yake ya ibada ilikuwa wazi tayari tangu asubuhi. Madirisha saba au nane yalikuwa yamebanana pale chini kwenye kioo, yote yanafanana. Nikabofya moja. Ikafunguka barua ile. Nikabofya nyingine haraka, lakini macho ya yule mama yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mstari wa tatu. Alichukua programu zake akaenda.

Simu haingoji boti. Jioni ile ile Moba nzima ilikuwa na habari, na bahasha bado ilikuwa Kalemie.

Siku ya tatu mama wa ndagala alikuja. Hakuketi. Alisimama mlangoni na beseni tupu mkononi.

"Mama, ile barua yangu ilikuwa na miguu?"

Nilijua mara moja. Nilimweleza ukweli, nani alikuwa amekaa kwenye benchi na mimi nilifanya nini. Sikumtupia mama wa kwaya lawama yote, maana kioo kilikuwa changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji amenipigia," akasema. "Ameniuliza kwa nini habari ya nyumba yake anaisikia kwa batu ba kwaya."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

Akaondoka. Nilingoja kusikia sokoni kwamba sekretere wa pale karibu hana kifua, kwamba ukimpa siri ameimwaga. Wiki ikapita, kimya. Mwanamke yule alikuwa na kila haki ya kuniharibia jina mbele ya wauzaji wote wa ndagala, na kwa neno moja ningekosa wateja. Hakusema neno. Mpaka leo nikikumbuka kimya kile, moyo wangu unapiga magoti.

Jumamosi nilifunga chumba mapema, nikaibeba kompyuta yangu hadi kwa fundi. Ni mzee wa makamo, Mwislamu, babu zake walikuwa wafanyabiashara wa ziwani kati ya huku na Kigoma. Ana meza iliyojaa nyaya na sahani ndogo za skrubu, na hupenda kukutania kabla ya kukusaidia.

"Papa," nilimwambia, "nataka unitafutie masini ya pili. Moja ya barua za siri, moja ya kazi zingine."

Akaniuliza kwa nini. Nikamsimulia, bila majina. Akakuna ndevu.

"Masini ya pili ya nini? Hii moja iko na biro ndani, ofisi nyingi. Wewe umekaa kwenye biro moja tu miaka yote, na mizigo yote umeirundika humo humo."

Alibonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na kile cha Tab. Kazi zangu zote zikajipunguza zikawa picha ndogo, na mahali fulani pakatokea alama ya kujumlisha na maneno ya Kifaransa, *nouveau bureau*. Biro mpya. Akabofya, akaingia humo. Kioo kikawa kitupu kabisa, kama siku nilipoinunua ile kompyuta.

Nilipiga kelele. "Papa! Umefuta kazi ya mwanafunzi! Kurasa sitini!"

Wenye maduka ya jirani walichungulia. Fundi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akashika Ctrl na kile kitufe cha dirisha, akagusa mshale wa kushoto, na kurasa sitini zikarudi taratibu kutoka upande, pamoja na zingine zote. Mshale wa kulia, patupu. Mshale wa kushoto, zimejaa. Alinifanya nirudie mara kumi mpaka vidole vikakubali.

"Muteja akiingia, wewe unamupokea kwenye biro tupu," akasema. "Unachofungua hapo, kinabaki hapo. Huku chini hutaona dirisha la biro ingine. Lakini sikia vizuri, Mama. Hii njo pazia, si kufuli. Muntu akijua vitufe, anaifunua. Ukitoka, funga masini na neno la siri."

Nilitengeneza biro nne, na kila moja nikaipa jina na rangi ya nyuma. Ya kijani ni ya wanafunzi. Ya njano ni ya makanisa na harusi. Ya buluu ni ya barua. Ya nne ni nyeupe, haina kitu, na hiyo ndiyo ninayokaa nayo mlango ukifunguliwa.

Nisidanganye kwamba nilizoea siku hiyo hiyo. Mara mbili nilidhani kazi imepotea, nikaandika upya ukurasa mzima, kumbe ilikuwa imetulia kwenye biro ya njano. Na umeme ukikatika na betri isinionee huruma, masini ikiwaka tena majina na rangi za biro zinarudi, lakini madirisha hayarudi, inabidi niyafungue upya moja moja. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliniuliza kwa nini siku hizi meza yangu haina vurugu. Nilimwambia vurugu imehamia chumba cha nyuma.

Wiki iliyofuata nilimtafuta mama wa ndagala pale anapoanika, nikamweleza niliyoyafanya. Nilichora kwenye mchanga miraba minne. Alitazama michoro, akatupa ndagala mmoja kwa paka.

"Kwa hiyo mimi niko kwenye buluu?"

"Uko kwenye buluu. Hakuna mwingine anayekuona."

"Haya," alisema. "Leo nimekusamehe."

Ningeishia hapo, lakini mwezi mmoja baadaye aliingia mama mwingine, mtu mzima, amevaa vizuri, na vumbi la safari miguuni. Aliniamkia, akaketi kwenye benchi, akajitambulisha. Alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Alikuwa ametoka Moba kwa boti kwa ajili ya jambo hilo hilo.

"Barua ilifika kwa kaka yangu," alisema. "Ameifungia kwenye sanduku. Sisi wanawake tumesikia tu ya kwenye simu, na ya kwenye simu ni matusi matupu. Nasikia iliandikwa hapa. Nionyeshe, nijue wifi yangu alisema nini hasa."

Nilikuwa kwenye ile nyeupe. Biro ya buluu, nilikoihifadhi barua, ilikuwa mguso mmoja wa kidole kutoka pale alipokuwa anatazama. Na nilijua kwamba akiisoma atatulia, kwa sababu ilikuwa barua nzuri, yenye heshima kila mstari. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya Ctrl. Labda kuionyesha kungemsaidia yule mjane kuliko kuificha. Lakini si mimi niliyekuwa na haki ya kuamua hilo.

"Mama, siwezi," nilisema. "Yeye mwenyewe anaweza kukuonyesha. Anauzia pale mbele, ukipita duka la chumvi."

Nilidhani atakasirika.

"Vizuri," akasema. "Basi andika na yangu. Na yangu pia usimwonyeshe muntu."

Nikamfungulia biro ya tano. Aliyoyasema humo siyatoi hapa. Nitasema tu kwamba alipomaliza, aliomba nimwelekeze tena duka la chumvi lilipo, na alasiri nilipopita niliwaona wote wawili wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wanachambua ndagala, wanaongea.

Harusi ya mama wa ndagala ilifanyika kabla ya mvua. Shemeji mkubwa hakuja, na hilo lilimuuma bibi harusi, aliniambia mwenyewe. Lakini dada yule wa Moba alikuja, na alisimama upande wa familia ya marehemu, akacheza. Mialiko niliiandika mimi. Fundi wangu nilimpelekea mfuko wa ndagala wakubwa wa kuchagua, zawadi ya bibi harusi, akauliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa pazia.

Haya yote yule mama wa ndagala ameniruhusu kuyasimulia, mradi nisitaje jina. Nilimsomea kabla. Alinisikiliza akiwa ameketi ubavuni mwangu, kisha akanyoosha kidole kwenye kioo, akanirekebisha mahali nilipokuwa nimeandika kwamba alilia siku ile mlangoni. Hakulia, alisema. Nikafuta.