Alarmu na Mufuniko wa Sufuria

Juzi, nikiwa kwa fundi wa redio hapa Bunia, mama mumoja aliweka mezani alarmu ya zamani ya nyumba yake, ya wezi. "Kuran ya umeme ikikatika, inalia yenyewe," alisema. "Majirani walichoka. Hakuna anayetoka tena."

"Batri ndiyo ilikufa, mama." Fundi akaweka ingine, akaijaribu. Ikalia vibaya sana. Barabarani hakuna shingo iliyogeuka.

Mama akatoa sufuria mupya kwenye kikapo, akaipiga na mufuniko wake, kama tunavyofanya mwizi akiingia. Mutaa muzima ukatoka na fimbo. Mimi mwenyewe nilishika kiti.

"Mwizi iko wapi?" watu wakauliza.

"Hayuko," mama akajibu polepole. "Tunajaribu alarmu."

Tangu siku ile, bibi yangu akifunika sufuria ya bugali tu, mimi niko mulangoni tayari.