Friji Miguu Juu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, pale Bariadi, nilipopindua friji la watu miguu juu, baba yangu akatamani ardhi immeze.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nimekuja likizo kutoka shule ya ufundi, nasomea mambo ya joto na baridi. Usinione hivi! Shule ya kawaida niliiacha katikati, au yenyewe ndiyo iliniacha, sijui. Basi nikawaambia nyumbani kuna friji linawashwa taa ya mafuta chini, huko juu linatoa barafu. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Moto utoe baridi? Ng'wanawane, mwanangu, wamekudanganya. Rudi kwenye ng'ombe."

"Baba, nitakuonyesha."

"Haya. Ukishindwa, shule basi."

Mwenye duka mmoja mjini alikuwa na friji la namna hiyo, limekufa, anawekea sabuni. Akaniruhusu nijaribu. Ni msimu wa pamba, watu wamejaa mjini, hata wa kutoka Kasoli wamo. Nikatoa taa, nikalipindua, maana tulifundishwa kwamba dawa ya ndani ikikwama, ukipindua inarudi mahali pake. Basi vicheko! Mmoja akapaza sauti:

"Fundi, mchinje kabisa, ameshalala!"

Likakaa hivyo mpaka kesho yake. Tukalisimamisha, nikainama kusugua masizi kwenye bomba la moshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka suruali ikachanika. Watu wakapata nyongeza ya kucheka. Nikakata utambi, nikawasha, nikaweka bakuli la maji ndani. Baba, aliyekuwa akishuhudia aibu ile tangu jana, akaketi juu ya gunia la chumvi.

Sasa shida ikawa mimi mwenyewe. Nafungua mlango, nachungulia: maji. Nafungua tena: maji. Jasho linanitiririka, fundi wa baridi mzima!

Baba akanikemea. "Wewe! Mama yako akiweka maziwa yagande, anafungua kibuyu kila saa? Funga! Kazi yako umefanya, liache nalo lifanye yake."

Nikafunga. Nikakalia mikono yangu.

Jua lilipoanza kushuka, baba mwenyewe akafungua. Akatia kidole kwenye bakuli, kikagota. Akabandua kipande, akakitupa mdomoni, akaruka juu.

"Kinaunguza!"

Duka zima likacheka, safari hii si mimi niliyechekwa. Alipokimeza, akaniambia taratibu, "Rudi shule. Ng'ombe nitachunga mwenyewe."

Nikarudi, mwanangu. Kiingereza kimenishinda mpaka leo, lakini baridi haikunishinda. Nawe ukianza jambo wakakucheka, usiliache. Inama usugue masizi yako, washa, kisha funga mlango uvumilie. Moto wa friji lile ulikuwa mdogo kama wa kibatari, ila haukuzimika.

Mungu akulindie moto wako, mwanangu, na akupe mtu wa kukaa nawe juu ya gunia la chumvi mpaka maji yagande.